Zimefutwa kwenye leja, hazijafutwa kwenye diski

Kwa Makatibu Tawala wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa; Wakurugenzi wa Halmashauri; maafisa ugavi na maafisa TEHAMA; wakuu wa shule, wa vituo vya afya na viongozi wa vyama vya kuweka na kukopa.

YAH: KOMPYUTA CHAKAVU ZINAZOUZWA ZIKIWA NA TAARIFA ZA WATU NDANI YAKE

Ndugu viongozi,

Salaam. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kibanda Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Nanunua mashine kuukuu kwenye minada ya ofisi, natengeneza zinazotengenezeka na kuwauzia wanafunzi wa vyuo na wenye stesheneri, na zilizokufa kabisa nazichomoa vipuri. Riziki yangu inatoka humo. Ninachoomba katika barua hii kinaweza kunipandishia bei ya mashine au kunipunguzia idadi yake, na bado nakiomba.

Safari moja nilikwenda mnadani katika yadi ya taasisi inayokopesha wafanyabiashara wadogo. Sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona kwake nimeyaona kwa wengine pia. Loti ya kwanza ilikuwa kabati la chuma la kutunzia majalada, lenye droo nne. Kabla dalali hajafungua mdomo, mama mmoja wa masjala alitoka mbio akasema, "Subirini kwanza, baba zangu." Akafungua droo moja baada ya nyingine. Ile ya chini ilikwama. Akamwita kijana wa stoo, wakaivuta wawili, ikatoka na bahasha ya kaki iliyokuwa imesahaulika huko nyuma. Akaishika kwapani, akarudi nayo ndani, ndipo mnada ukaanza. Nilimheshimu sana yule mama. Alijua kwamba karatasi yenye jina la mtu haiuzwi pamoja na bati.

Loti ya nne ilikuwa kompyuta 11 za mezani, zimefungwa kamba kama kuni. Hakuna aliyetoka mbio. Nilizipata mimi.

Jioni nikawasha ya kwanza. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, kimebandikwa ubavuni. Ikafunguka moja kwa moja kwenye folda za mikopo, mwaka hadi mwaka, kila mteja na folda yake: picha ya pasipoti, nakala ya kitambulisho cha Taifa, barua ya mtendaji wa mtaa, hati ya kiwanja, namba za simu za wadhamini wawili. Nilifungua folda tatu kujua ni kitu gani nilichonunua. Ya tatu ilikuwa ya mama ninayemfahamu, ambaye ndizi zake nazila karibu kila siku. Chini ya fomu yake, afisa mikopo alikuwa ameandika maneno manne: mume hajui mkopo huu.

Nilizima mashine. Kesho yake nilinunua ndizi kwingine, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni mtu ambaye nimeijua siri yake bila yeye kunipa.

Asubuhi hiyohiyo nilipiga simu kwenye ile ofisi. Nilijibiwa kwa adabu. Niliambiwa nisiwe na wasiwasi, mashine zile zimeshafutwa. Nikauliza, zimefutwa vipi, mbona nimezikuta na kila kitu? Nikaelezwa kwamba zimefutwa kwenye leja ya mali: kikao kimekaa, kimeridhia, namba zake zimepigwa mstari, si mali ya ofisi tena.

Neno hili "kufutwa", ndugu zangu, ndilo lililonifanya niandike. Ofisi zetu zina utaratibu mzuri wa kufuta mali kwenye leja. Kuna ukaguzi, kuna muhtasari wa kikao, kuna stakabadhi, na kwa taasisi za umma kuna sheria inayoongoza hata namna ya kuuza. Lakini utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya meza, viti na magari. Kiti kikishauzwa hakiendelei kumkumbuka aliyekikalia. Kompyuta inakumbuka. Utaratibu unamuuliza afisa ugavi thamani ya kilichobaki kwenye mashine. Haumuulizi ni nani waliobaki ndani yake.

Wengi wataniambia: tulishafuta mafaili kabla ya mnada, hata kufomati tulifomati. Naomba nieleze jambo hili polepole, maana hapa ndipo watu wema wanapokosea bila kujua. Ukifuta faili, kompyuta hailichomi. Inaondoa jina lake kwenye orodha tu, na kuruhusu nafasi ile itumike siku nyingine. Ni kama kung'oa kibao cha njia panda: mgeni atapotea, lakini kijiji kipo palepale, na mwenyeji atafika bila kibao. Kufomati kwa haraka nako ni kung'oa vibao vyote kwa mkupuo. Kila mwezi huja kibandani kwangu mtu amefuta picha za harusi kwa bahati mbaya, namrudishia kwa programu ya bure, na ananishukuru mpaka machozi yanamtoka. Programu ileile, kwenye diski ya mnada, inarudisha fomu ya mkopo ya yule mama.

Wala si udhaifu wa kwetu peke yetu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya diski 158 walizonunua kwenye soko la mitumba. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo, zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Walikuta humo namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Na mwaka 2022 benki kubwa ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 nchini humohumo, baada ya kuwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake vya zamani watu wa kuhamisha mizigo wasio na uzoefu wa kuharibu taarifa. Baadhi ya vifaa hivyo viliishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Kama wenye fedha zote hizo walijikwaa hapa, basi ofisi ya kata haina sababu ya kuona aibu kuuliza. Kosa litakuwa kujua halafu kunyamaza.

Kwa nini sasa hivi? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha rasmi huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Mashine nyingi za ofisi zetu zinatumia hiyo, na nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa zile za kabla ya mwaka 2018. Ninaziona zinavyoanza kurundikana kwenye korido na stoo. Zitatoka, tena kwa wingi, na zitatoka kwa utaratibu uleule wa kabati, bila yule mama wa masjala.

Naomba mfikirie afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Ndiyo kusema kwamba mikoa yetu ina watu wengi ambao majina yao yapo kwenye kompyuta za kliniki za tiba na matunzo. Kuna mtu anayetoka Uyole kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine kwa sababu hataki jirani amwone kwenye foleni. Anatumia nauli, anapoteza siku ya kazi, ili kuilinda siri hiyo. Halafu mashine yenye jina lake inaweza kufungwa kamba ikauzwa kwa mtu kama mimi. Sijawahi kununua mashine ya kliniki yenye orodha kama hiyo, na namwomba Mungu nisije nikanunua. Lakini hakuna kitu chochote katika utaratibu wa sasa wa mnada kinachonizuia.

Na anayenunua si lazima awe fundi mwenye kibanda kinachojulikana. Sote tunazifahamu meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii". Tapeli wa namna hiyo anatupa ndoano gizani. Mpe jina lako kamili, namba ya kitambulisho, jina la mdhamini wako na salio la deni lako, na hatahitaji kubahatisha. Atampigia mama saa mbili usiku kwa sauti ya afisa mikopo, atamtajia tarehe aliyokopa na kiasi alichobakiza, na mama atatuma. Waliokwisha kuumizwa na mikopo ya kausha damu ndio watakaokuwa wepesi zaidi kuogopa.

Sheria ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na ulinzi huo hauishii siku mashine inapotolewa nje ya geti. Kwa upande wa taka zenyewe, tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za umeme na kielektroniki za mwaka 2021, na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ina ofisi ya kanda yetu hapahapa Mbeya. Kinachokosekana ni hatua mbili tatu kati ya sheria hizo na kamba ile iliyofunga kompyuta 11.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Diski za zamani, zile zenye sahani zinazozunguka, zinasafishwa kwa kuandikwa upya zote, mwanzo hadi mwisho, kwa programu ambazo ni za bure. Watu huamini ni lazima kuandika mara saba au zaidi. Kwa diski za miaka hii mara moja kamili inatosha kwa matumizi ya kawaida ya ofisi, na huo ndio mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Diski ya gigabaiti 500 huchukua saa mbili hadi tatu, na mashine inajifanyia yenyewe huku afisa akiendelea na shughuli zake. Diski mpya zisizo na sahani, zinazoitwa SSD, ni habari nyingine. Hizo hugawa maandishi kwenye vyumba vyake kwa namna ambayo programu ya nje haivifikii vyote, hivyo zinatakiwa kusafishwa kwa amri iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe ndani ya diski. Njia iliyo bora kuliko zote kwa hizo ni kuzifunga kwa usimbaji, yaani kugeuza yaliyomo kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza ya matumizi, ili siku ya kuiaga ofisi uharibu ufunguo tu na yote yaliyomo yabaki vurugu isiyosomeka. Diski iliyokufa, isiyoitikia amri, hakuna namna: itobolewe au ivunjwe, sahani zenyewe zivunjike, mbele ya mashahidi. Sumaku ya spika haitoshi. Kuimwagia maji haitoshi.

Na msisahau mashine ya fotokopi. Hii inawashangaza hata mafundi wenzangu. Fotokopi nyingi kubwa za kisasa zina diski ndani, na zinaweza kuhifadhi picha ya kila karatasi iliyopita juu ya kioo. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Marekani iitwayo Affinity ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa sababu ilirudisha fotokopi za kukodi bila kufuta diski zake. Taarifa za watu hadi 344,579 ziliwekwa hatarini. Fikirieni karatasi zinazopita kwenye fotokopi ya ofisi ya halmashauri, au hata ya stesheneri iliyo mkabala na mahakama. Boksi la kamera za ulinzi ni hivyo hivyo. Simu za ofisi ni hivyo hivyo.

Siombi kila kitu kisagwe. Hofu nayo ina hasara yake. Nazijua ofisi zilizosikia habari hizi zikaamua kufungia mashine stoo, na zimekaa humo miaka, panya wanazalia ndani ya makasha, wakati sekondari iliyo umbali wa kilomita mbili inafundisha kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni. Mashine iliyosafishwa vizuri ikawekewa mfumo wa bure wa Linux inaweza kumfundisha mtoto kwa miaka mitano mingine. Na stoo si usalama. Diski iliyokaa stoo miaka sita inasomeka, na kufuli la stoo linavunjika.

Nizungumzie na zile ambazo hazifai tena kwa lolote, maana zinanipita mlangoni kila wiki. Vijana wa vyuma chakavu wanazinunua kwa kilo, na wakishatoa bati wanabaki na nyaya na bodi. Nyaya wanazichoma ili wapate kopa. Moshi ule mweusi, wa plastiki inayofunika nyaya, hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Vioo vya zile skrini kubwa za zamani vina madini ya risasi, na vinavunjwa kwa jiwe, vigae vinaachwa pembeni mwa mfereji, mvua za masika zinavisomba. Vijana hao siwalaumu. Nimewakuta wanakohoa, wana miaka 15, 16, na hakuna mtu aliyewaambia. Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii mwaka 2022, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Sisi hatuwezi kuibeba dunia. Tunaweza kuwaondoa vijana wale kwenye ule moshi.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, na hili halihitaji bajeti mpya: mtoe maelekezo kwamba hakuna kompyuta, fotokopi, wala kifaa chochote chenye diski kitakachoingia kwenye orodha ya mnada bila karatasi moja iliyoambatishwa. Karatasi hiyo iseme namba ya kifaa iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo mafundi tunaiita siriali, namba ya diski yake, namna ilivyosafishwa au kuvunjwa, tarehe, saini ya aliyefanya na saini ya shahidi asiyekuwa mkubwa wake wala mdogo wake kazini. Dalali asipoiona, asinadi. Mwenye mashine isiyo na diski aiuze hivyohivyo, tutanunua. Diski nitaweka yangu.

Ofisi isiyo na afisa TEHAMA, na hizo ni nyingi kwenye kata, isiachwe peke yake. Hapa Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, na tuna VETA. Wanafunzi wanatafuta mahali pa kufanya mazoezi kwa vitendo kila mwaka. Wapangwe, wasimamiwe na mwalimu, waapishwe kutunza siri, wazunguke wilaya kwa wilaya, Rungwe, Kyela, Chunya, Mbarali, wakisafisha diski na kujaza zile karatasi. Iringa nako vyuo vipo. Hili mtu akilitaka linaanza muhula ujao.

La gumu ni mahali pa kupeleka taka zenyewe. Mwananchi wa Mbeya mwenye betri ya kompyuta mpakato iliyovimba hana pa kuipeleka panapojulikana. Anaitupa kwenye takataka za jikoni, na betri ya namna hiyo ikibanwa inawaka moto. Naomba kila halmashauri itenge chumba kimoja, chenye sakafu ya saruji, paa lisilovuja na daftari, halafu mikoa minne ikae pamoja na NEMC kupanga safari moja au mbili kwa mwaka za kuupeleka mzigo kwa warejelezaji wenye kibali. Ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam, najua. Kila mkoa peke yake hautaimudu safari hiyo. Kwa pamoja, kwa lori au kwa behewa la TAZARA, inawezekana. Na wale vijana wa vyuma chakavu wawe ndio wakusanyaji, walipwe kwa kilo ya kitu kizima kisichochomwa. Wanaijua mitaa kuliko gari lolote la halmashauri.

Nirudi kwenye zile kompyuta 11. Diski tisa nilizisafisha mwenyewe, usiku mbili mfululizo, bila kufungua folda nyingine. Mbili ziligoma. Zinalia ndani, hazisomeki kwangu, lakini mtu mwenye vifaa kuliko mimi anaweza kuzisoma. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya meza yangu, na ufunguo nakaa nao. Nyundo ninayo, na kisheria diski ni zangu, nimezilipia. Lakini watu waliomo humo hawakuniuzia mimi kitu, na nadhani wanastahili karatasi yenye saini inayoonyesha siku na mahali ambapo taarifa zao ziliishia.

Kwa hiyo naomba atumwe mtu. Afisa TEHAMA yeyote, wa halmashauri yoyote kati yenu, aje na shahidi. Nafungua saa mbili asubuhi, Jumamosi pia. Nyundo, miwani ya kukinga macho na peni nitaandaa mimi.

Wenu mtiifu,

Fundi wa kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya